Sura ya Sita: Kipupwe cha Nyanda za Juu

Kauli inayomponza mbwa wa Makete ni fupi: "Ana manyoya yake huyo." Husemwa mwezi wa sita, sakitu inapoanza kuunguza majani ya viazi kwenye uwanda wa Kitulo. Husemwa tena mwezi wa saba huko Limuru na Kinangop, mlinzi akiwa amejifunika koti mpaka masikioni na mbwa wake amejikunja juu ya saruji kando ya geti. Wanaoisema si wakatili. Wamemwona mnyama huyo akivuka kipupwe kimoja baada ya kingine, wakaamini kwamba baridi haimhusu.

Nusu ya imani hiyo ni kweli. Mbwa mwenye afya, aliyeshiba, aliyekauka, tena akiwa mahali pasipopigwa upepo, hulala usiku wa nyuzi 6 na akaamka salama. Ondoa sharti moja kati ya hayo manne, mambo hubadilika. Mbwa wengi wa Njombe, Mufindi, Molo na Nyahururu hukosa mawili au matatu kwa mpigo: ameshinda na nusu bakuli ya ugali mkavu, amelowa kwa manyunyu yaliyokuja na ukungu, na usiku kucha upepo wa kusi unampiga ubavuni. Ndiyo maana nasema huku kwetu baridi yenyewe haiui sana. Wanaoua ni unyevu na upepo, halafu zinakuja tiba ambazo mwenye mnyama huzileta kwa huruma zake mwenyewe: jiko la mkaa, kidonge cha maumivu, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hizo za mwisho nitazikalia zaidi, maana unyevu na upepo angalau kila mtu anavijua.

Tuanzie mwilini. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. La paka linakaribiana na hilo, na la sungura hupanda kidogo zaidi. Ukimshika mbwa tumboni ukamwona wa moto, hana homa, ndivyo alivyoumbwa. Pua nayo, iwe baridi au ya moto, haisemi lolote la maana. Kinachosema ni kipimajoto cha kidijitali kama kile kinachouzwa duka la dawa, kikipakwa mafuta ya mgando na kuingizwa taratibu njia ya haja kubwa, kiasi cha sentimita 2, huku mtu mwingine akiwa amemshika mbwa kichwa na kumsemesha. Kikisoma chini ya 37, mnyama amepoa kuliko inavyotakiwa. Kiandike "MBWA" kwa kalamu isiyofutika, na tangu siku hiyo kisirudi kwenye kabati la watoto.

Manyoya hayatoi joto. Kazi yake ni kushika hewa kavu karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. German Shepherd ana tabaka mbili: nywele ndefu za juu zinazomwaga maji, na sufi laini ya chini inayoshika hewa. Mbwa wetu wa kienyeji, aliyezoea jua la Dodoma au la Machakos, ana tabaka moja fupi lililolala juu ya ngozi. Manyoya yakilowa, hewa hutoka na maji hushika nafasi yake, na maji hunyonya joto kwa kasi kubwa mno kuliko hewa. Mbwa aliyelowa chapachapa katika nyuzi 12 anaweza kuwa taabani kuliko mwenzake mkavu katika nyuzi 3. Kwa hiyo mbwa anapoingia kutoka mvuani, jambo la kwanza ni taulo kuukuu: kifua, tumbo, makwapa, na katikati ya vidole, mahali ambapo tope la Mufindi hukaa likaganda.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya mbwa vinavyotoka Ulaya havina haja ya kulitaja. Mnyama huota manyoya ya baridi hasa kwa kufuata urefu wa mchana. London, mchana wa mwezi wa sita unapita saa 16, na wa mwezi wa kumi na mbili haufiki saa 8. Mwili wa mbwa huona mchana unavyofupika, ukaanza kujivika mapema kabla baridi haijafika. Nyahururu iko karibu kabisa na ikweta. Mchana wake haubadiliki mwaka mzima. Njombe, digrii 9 hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni kama saa moja tu. Dalili hiyo ni hafifu mno kumwambia mbwa kwamba kipupwe kinakuja. Baridi yenyewe huongeza manyoya kidogo, lakini asitegemewe kujivika kama mbwa wa Ulaya. Mtumishi anayehamishwa kikazi mwezi wa sita kutoka Tanga kwenda Makete akiwa na mbwa wake ajue kwamba mbwa huyo amefika na nguo alizokuwa nazo Tanga. Wiki za kwanza alale ndani au stoo, atolewe nje usiku kidogo kidogo, na aongezewe chakula tangu siku ya kufika.

Paka ni habari nyingine. Wataalamu wa lishe ya wanyama wanasema joto ambalo paka hatumii nguvu ya ziada kujipasha wala kujipoza liko kati ya nyuzi 30 na 38. Mahali ambapo wewe unaanza kutafuta feni, yeye ndipo anapoanza kustarehe. Asili yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu zenye jua, na hajaisahau. Hata Dar es Salaam, mwezi wa saba, utamkuta amelala juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa. Sasa mlete paka huyo Njombe, kwenye nyumba ya matofali isiyo na moto, asubuhi ambayo chumba kina nyuzi 14. Hafi. Ila kila saa anayokaa humo anachoma chakula ili abaki na joto lake, na ndiyo sababu anakufuata kitandani na kulala juu ya miguu yako. Hajaharibika tabia, anatafuta joto pale lilipo.

Pwani ya Kenya wapo paka wanaoitwa Sokoke, kwa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao Wagiriama waliwafahamu muda mrefu kabla mtu yeyote hajawaandikisha kuwa jamii rasmi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kufugwa na kuzalishwa kwa mpango karibu na Watamu, na miaka ya 1980 baadhi yao wakasafirishwa hadi Denmark. Ni wembamba, wana miguu mirefu, na manyoya yao ni mafupi yaliyobana mwilini, karibu hayana sufi ya chini. Huko Ulaya ya Kaskazini wanaowafuga huwaweka ndani. Paka wa mitaa ya Lamu, Mombasa na Unguja hawatofautiani nao sana kwa umbo. Yeyote anayemchukua paka wa pwani kumpeleka Limuru anafanya safari ile ile ya Denmark kwa kipimo kidogo.

Turudi kwa mbwa, maana yeye ndiye anayelala nje. Nyumba nyingi hazimwingizi ndani, nyingine kwa ajili ya tohara, nyingine kwa sababu kazi yake ni ulinzi, na sioni haja ya kubishana na yeyote kuhusu hilo. Mbwa wa nje anahitaji banda, na banda la mbwa ni kazi ya nusu siku kwa fundi yeyote, akiambiwa vizuri.

Tatizo ni kwamba haambiwi vizuri. Mwenye fedha huagiza banda kubwa, la mtu kuingia na kusimama, akidhani ukubwa ni upendo. Ndani ya banda hakuna chanzo cha joto isipokuwa mbwa mwenyewe, na mwili wa kilo 20 hauwezi kupasha chumba. Kwa mbwa wa kienyeji wa uzito huo, ndani patoshe sentimita 90 kwa 60, kimo kama 65: aingie, ageuke, ajikunje, basi. Mlango uwe mdogo, aupite kwa kuinamisha kichwa, nao ukatwe pembeni mwa ukuta na si katikati, ili ibaki kona moja ambayo upepo hauifikii. Hiyo kona ataichagua mwenyewe usiku wa kwanza. Chini ya mlango kiachwe kizingiti cha sentimita 10 kuzuia matandiko yasimwagike. Juu yake pigilia kipande cha turubai kilichochanwa katikati, apenye bila kukiinua.

Sakafu isiguse ardhi. Saruji hunyonya joto la tumbo mpaka asubuhi, na udongo huleta unyevu. Matofali manne kwenye pembe, mbao za paleti juu yake, nafasi ya sentimita 15 chini; yatosha. Paa lina mtego wake. Bati tupu, hata lisipovuja, hulowesha: pumzi ya mbwa hupanda, hukutana na bati la baridi alfajiri, hugeuka matone na kumdondokea mgongoni. Weka ubao mwembamba chini ya bati, au viroba viwili vilivyojazwa nyasi kavu vikabanwa hapo, na matone yatakoma.

Halafu mlango uelekee wapi? Hapa nyanda zetu zina bahati ambayo watu wengi hawaitumii. Miezi ya kipupwe upepo hutoka kusini na kusini-mashariki. Miezi hiyo hiyo jua limehamia kaskazini: Njombe, mwishoni mwa mwezi wa sita, jua la adhuhuri limeinamia kaskazini zaidi ya digrii 30, na hata Limuru limesogea zaidi ya digrii 20. Mlango ukitazama kaskazini, banda linaupa upepo kisogo na linapokea jua mchana, na matandiko yanakauka bila mtu kuyatoa. Nimeona mabanda mengi yakitazama geti, kwa hoja kwamba mbwa aone wageni. Mbwa humsikia mgeni kabla hujamwona wewe. Hana haja ya dirisha la mapokezi.

Matandiko ninayoyapendelea ni mabua ya ngano au nyasi zilizokaushwa sawasawa, yajazwe mpaka mbwa azame ndani yake. Blanketi la mtumba linaonekana bora, na ndani ya nyumba ni bora kweli. Nje hunywa umande, hunywa mkojo, na baada ya siku tatu mbwa amelalia kitambaa chenye maji. Mafinga na vitongoji vyake, kutokana na viwanda vya mbao vya msitu wa Sao Hill, maranda ni rahisi kuyapata. Yanafaa yakishaanikwa juani mpaka harufu kali ya msonobari ipungue, na yawe maranda, yaani yale mapande mapana yaliyojikunja, si unga wa msumeno unaopaa na kuingia puani. Kipimo ni mkono wako. Uingize mpaka chini kabisa, pale mbwa anapolalia. Ukirudi na unyevu, badilisha leo.

Masweta ya mbwa yanayouzwa Nairobi sina ugomvi nayo, ila sweta la mtoto la mtumba linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo: miguu ya mbele ipite mikononi, sehemu ya tumbo ikatwe nyuma ili dume asijikojolee. Ni kwa mbwa mzee, mgonjwa, au mwenye manyoya mafupi sana, na ni kwa wakati wa ukavu. Sweta lililolowa livuliwe mara moja.

Sasa jiko.

Kila kipupwe, watu hufa nyanda za juu kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu huendelea kuzunguka ikiwa haibebi kitu. Anayevuta huona usingizi tu. Jiko lisilotoa tena moshi, lililobaki makaa mekundu, ndilo linaloaminika kuwa salama, na si salama hata kidogo.

Wanyama wadogo hupumua haraka kuliko sisi na huathirika mapema. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo, wakawa wanashuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari ndani ya vizimba. Ndege akidondoka, watu wanakimbia. Desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986, vifaa vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao. Mwenye kasuku sebuleni, au njiwa, au kizimba cha sungura ndani ya stoo, ana mnyama ambaye ataanguka kabla yake, na akimkuta chini asubuhi asiharakishe kulaumu ugonjwa. Paka anayeyumba, mbwa aliyetapika na kulegea ndani ya chumba chenye jiko: fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, toka na wewe, ndipo utafute daktari wa mifugo.

Badala yake, peleka joto bila kupeleka moto. Dumu la lita 5 lililojazwa maji ya moto, yasiwe ya kuchemka yakalilegeza, likafungwa vizuri na kuzungushiwa blanketi kuukuu, hukaa na joto saa nyingi za usiku. Liwekwe upande mmoja wa boksi au banda, upande mwingine ubaki wazi, mnyama aweze kusogea akizidiwa. Mnyama asiyeweza kujisogeza, kama vile mgonjwa au mtoto mchanga, huungua na kitu ambacho mzima angekikimbia. Paka wa jikoni wana ugonjwa wao wa pembeni hapa: hulala kwenye majivu ya mafiga na kuamka na manyoya yaliyoungua, wakati mwingine na ngozi pia. Kagua mafiga kabla ya kuchochea asubuhi. Kagua boneti vilevile kabla ya kuwasha gari. Ipige makofi mawili, usubiri kidogo. Injini yenye joto ni kitanda cha paka, na mkanda wake ukianza kuzunguka haumwachi mzima.

Baada ya jiko, kabati la dawa. Paka akipiga chafya na machozi yakimtiririka, mwenye huruma huvunja kidonge cha paracetamol na kumpa robo. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuiyeyusha dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na robo inatosha kumletea maafa: ufizi hugeuka kahawia au samawati, uso huvimba, pumzi hukatika. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama kwake. Mbwa naye, aliyeanza kuchechemea kwa sababu viungo vya uzeeni vinakakamaa asubuhi za baridi, hupewa ibuprofeni au diklofenaki iliyobaki ya baba, na hizo hutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, huandikwa na daktari wa mifugo kwa uzito wake. Mafuta ya mikaratusi wanayopakwa watoto kifuani yasipakwe paka. Atajilamba, na yatakuwa yameingia tumboni.

Kisha kuna kuogesha. Kipupwe watu wengi hukumbuka viroboto, kwa sababu mbwa na paka wamesogea karibu na watu. Ukisimama kwenye duka la dawa za mifugo Jumamosi utasikia mazungumzo haya haya:

"Shikamoo, mzee. Naomba ile dawa ya kupe."

"Marahaba, mama. Ya ng'ombe?"

"Ya mbwa. Lakini hiyo ya ng'ombe si inaua kupe wote?"

Inaua, ndiyo. Dawa nyingi za josho hapa Afrika Mashariki zina amitrazi. Dawa hiyo ikimwingia mbwa kwa wingi humlegeza, hupunguza mapigo ya moyo, na hushusha joto la mwili. Mwogeshe mbwa nayo saa 11 jioni mwezi wa saba, kwa kipimo cha kukisia kwa kifuniko cha chupa, na umemnyang'anya joto mara mbili, kwa maji na kwa dawa. Paka yuko kwenye hatari zaidi. Dawa za jamii ya permethrini, zilizo salama kwa mbwa zikitumiwa kama ilivyoandikwa, humfanya paka atetemeke na kupata degedege mpaka kufa. Wakulima wa Makete na wa Molo watalielewa hili haraka: permethrini imetengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao wanalolilima wenyewe, ua ambalo halichanui vizuri bila ubaridi wa milimani. Kwa hiyo kwa paka nunua dawa iliyoandikwa paka. Kwa mbwa, kama lazima aoge, iwe kati ya saa 5 na saa 7 mchana, maji ya vuguvugu, akaushwe kwa taulo na abaki juani mpaka sufi ya shingoni ikauke. Mengine yanaweza kusubiri mwezi wa tisa.

Chakula hakina mjadala mrefu. Mbwa anayelala nje aongezewe kama robo ya anachokula siku zote, na nyongeza hiyo iwe na mafuta na nyama au dagaa, isiwe ugali mtupu. Mlo mkubwa uwe wa jioni, maana kusaga chakula nako hutoa joto. Pitisha viganja mbavuni kila Jumapili: mbavu zisikike chini ya ngozi, zisihesabike kwa macho. Vitunguu vilivyobaki kwenye mchuzi viondolewe. Huvunja chembe nyekundu za damu, kwa paka hasa.

Maji ndiyo husahaulika. Asubuhi za sakitu bakuli la nje huwa na ganda la barafu, na hata lisipoganda, wanyama hawapendi maji yanayouma meno. Wape ya vuguvugu mara mbili kwa siku. Kwa paka dume si anasa hiyo. Anayekunywa kidogo na kubana mkojo kwa sababu hataki kutoka nje kwenye baridi hujijengea fuwele kwenye kibofu, na mrija wake ni mwembamba sana. Ukimwona akienda mchangani mara kwa mara, akijikamua, akilia, akijilamba nyuma, na mchanga ukibaki mkavu, usifikiri amevimbiwa. Mkojo umeziba. Sumu iliyotakiwa kutoka inarudi kwenye damu na kusimamisha moyo ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu.

Sungura hawanipi wasiwasi. Joto ndilo adui yao. Zikifika nyuzi 30 wanahema, na baridi ya Lushoto wanaipenda. Wape boksi lenye nyasi kavu ndani ya kizimba na uwakinge na upepo. Kosa la kawaida ni kufunika kizimba kizima kwa turubai usiku: mvuke wa mkojo hukaa humo, huwasha pua na mapafu, na mafua ya sungura yakianza hayaondoki kirahisi. Ukifunua turubai ukawashwa macho, wao wamekaa na muwasho huo usiku kucha.

Imebaki ile asubuhi ambayo umechelewa. Mbwa amepatikana mtaroni, amelowa, amelala ubavu. Kutetemeka ni habari njema, misuli bado inatengeneza joto. Aliyeacha kutetemeka huku bado ni baridi ndiye aliye karibu na kufa. Mkaushe, mfunge kwenye blanketi, weka chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi nene kifuani na tumboni. Miguu usiisugue wala kuipasha kwanza, kwani damu ya baridi iliyoko huko ikirudi ghafla moyoni humzidishia. Pombe hata kijiko asipewe. Humfanya ajisikie moto huku mishipa ya ngozini ikifunguka na joto kutoka. Pima kila baada ya nusu saa, na akifika 37.5 punguza chupa, mwili utamalizia wenyewe. Ufizi mweupe, au kutoamka baada ya saa moja, ni safari ya kwa daktari, chupa zikiwa bado ubavuni.

Watoto wa mbwa na paka waliozaliwa juzi wana sheria yao. Wiki ya kwanza hawajui hata kutetemeka. Joto lao ni mama na ndugu zao, na boksi lao linatakiwa liwe na nyuzi 29 hadi 32, kiwango ambacho nyumba ya Njombe haikifikii kwa siku yoyote ya mwaka bila msaada. Mmoja akikutwa pembeni, baridi, analia kwa sauti nyembamba au amenyamaza, mkono wa kila mtu hukimbilia maziwa. Asipewe. Matumbo ya mtoto aliyepoa yamesimama, na maziwa hukaa humo yakachacha, au huingia mapafuni kwa sababu hajui kumeza. Mweke ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, kwa saa moja au mbili, ukimgeuza. Akianza kutafutatafuta kwa mdomo, mrudishe kwenye titi la nyuma, lenye maziwa mengi. Mwenye mizani ya jikoni ampime kila asubuhi saa ile ile na kuandika. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo amepungukiwa na kitu ambacho joto peke yake halitampa, na daktari amwone kabla ya siku ya tatu.